Uji Wenye Ladha ya Pipa

Ukinitazama mkono wa kushoto, pale ndani ya kiwiko, utaona makovu madogomadogo yaliyobanana hadi hakuna nafasi ya jingine. Ni makovu ya sindano. Nakuandikia wewe uliyekaa leo kwenye benchi la hospitali, viungo vinakuuma, ngozi imegeuka rangi ya majivu, na kila anayepita anakushauri unywe maji ya rozela uongeze damu. Subiri kwanza, ndugu yangu. Mimi niliumwa kwa sababu ya kuwa na madini ya chuma kupita kiasi, na walionipenda kuliko wote ndio waliokuwa wakiniongezea. Silaumu mtu. Aliyeanza kuniongezea ni mimi mwenyewe.

Naitwa Filbert. Hapa kwetu Ngara, kwenye vilima vinavyotazamana na Benaco, watu wa rika langu bado wananiita Pipa. Jina hilo halikutokana na tumbo, ingawa shemeji zangu husema hivyo kila wakipata nafasi. Lilitokana na kazi yangu ya kutengeneza urwagwa, pombe yetu ya ndizi.

Kazi hiyo niliirithi kwa baba, na baba hakuwa na pipa. Alikuwa na umuvure, yaani hori refu lililochongwa kwenye gogo moja, ambamo ndizi mbivu hukandwa pamoja na majani makavu hadi zitoe maji yake. Babu ndiye aliyeuchonga. Asubuhi ya kukanda mama alitutuma kukata majani, na tuliporudi tulikuta ndizi zimeshafukuliwa kutoka shimoni zilikovumbikwa, zimeiva, nyuki wamejaa uwanja mzima, na baba amevua shati. Hakupenda kuongea akiwa kazini. Aliimba tu kwa Kihangaza, nyimbo za harusi za watu waliokwisha kufa, akikanda kwa mwendo wa wimbo. Sisi watoto tulipewa umutobe, yale maji matamu ya kwanza kabla hayajatiwa unga wa mtama yakachacha, tukanywa hadi matumbo yakauma. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi narudi kuwa mtoto wa miaka saba, na mama ananiita kutoka jikoni.

Halafu ukaja mwaka wa wakimbizi. Watu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na kilima cha Benaco tulichokijua kwa nyasi na ng'ombe kikawa mji wa maturubai. Mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha. Kitu cha kwanza kwisha kilikuwa kuni. Ilianza miti ya kando ya barabara, ikafuata ya mabondeni, mwishowe watu wakawa wanachimba visiki.

Alasiri moja mke wangu, Skolastika, alisikia mtu anaguna nyuma ya uzio wetu wa minyaa. Alikuwa mwanamke mkimbizi. Alikuwa amejifungulia palepale chini ya migomba, mvua inamnyeshea, na mtoto amebadilika rangi kwa baridi. Skola akawaingiza jikoni. Kuni zetu zilikuwa mbichi na zimelowa, zinatoa moshi mtupu.

"Baba Imaku," akaniita, maana binti yetu wa kwanza ni Imakulata. "Leta shoka."

"La nini?"

"Umuvure."

Nilidhani anatania. Umuvure ulikuwa umelazwa darini juu ya meko, umekauka kwa moshi wa miaka mingi, na nadhani siku ile ndio ulikuwa mti pekee mkavu kijiji kizima. Nikamwambia ule ni wa babu yangu.

"Babu yako amekufa," akasema. "Huyu bado."

Akaenda kuchukua shoka mwenyewe, akaushusha, akaanza kupasua huku analia. Nikampokea shoka nikamalizia. Moto uliwaka vizuri, hilo nakiri, na kabla jua halijazama mtoto alilia sauti kubwa hadi kuku wakashtuka. Mama na mwanawe walikaa kwetu siku nne, wakahamia kambini, na hatukuwaona tena.

Nikabaki na migomba bila umuvure, na mti mkubwa wa kuchonga mwingine haukuwepo popote karibu. Wakati huohuo mlangoni kwangu wateja walikuwa hawaishi. Nikapanda lori hadi Lusahunga, pale njia panda ambapo malori ya kwenda Rusumo hupumzika, nikarudi na pipa la chuma lililokuwa la dizeli. Nikaliwashia moto ndani, nikalisugua kwa mchanga na majivu hadi rangi yote ikatoka, likabaki chuma kitupu. Humo nilikanda, humo nilichachusha, na pombe iliyobaki ililala humohumo.

Urwagwa wa pipa ulikuwa mweusi kidogo kuliko ule wa baba, na mwishoni ulikuwa na ladha fulani ya msumari. Mwanzoni watu walikunja uso. Baada ya msimu mmoja hawakutaka mwingine. Walikuja Wanyarwanda, Warundi, madereva, mpaka wabadilishaji wa fedha kutoka mpakani Kabanga, wote wanaulizia kwa Pipa. Nami kila asubuhi, kabla sijatia kitu tumboni, nilichota bakuli moja nikaonja, na nikiona imekaa sawa nilichota la pili kuhakikisha. Nilionja hivyo kwa miaka kumi.

Sitajifanya sikuipenda miaka ile. Kulikuwa na huzuni kubwa upande wa pili wa barabara, tena tuliiona kwa macho, lakini pia kulikuwa na uhai. Wanyarwanda walirudi kwao, Warundi wakaendelea kuwepo kule kambi ya Lukole, na Jumapili baada ya misa uwanja wangu ulijaa watu wa lugha nne wanaobishana kuhusu mpira kwa Kiswahili kilichopinda. Nilikuwa na nguvu. Skola alikuwa akicheka kwa sauti. Nikikumbuka sasa, natamani ningekaa nitazame zaidi badala ya kuhangaikia pipa.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Viungo viwili vya mwanzo, cha kidole cha shahada na cha kati, mikono yote miwili, vilivimba nikawa siwezi kushika panga. Nikasema ni baridi ya masika. Kiangazi kikaja na havikupoa. Kisha ukaja uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Upande wa kulia chini ya mbavu kulikuwa na uzito kana kwamba nimemeza jiwe. Nikawa na kiu isiyoisha. Nikakonda mikono na miguu, tumbo likabaki. Mambo ya chumbani yakalala, nami kwa aibu nikawa nakwenda kulala kabla ya mke wangu ili nijifanye nimeshasinzia.

Lililowashtua watu ni ngozi. Mimi ni maji ya kunde, lakini nilianza kuwa na weusi wa kijivu usoni na juu ya mikono, kama mtu aliyepakwa vumbi la mkaa akasahau kunawa. Mkoani kwetu miaka ile mtu akikonda na kubadilika rangi, kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa tayari. Hawakulitamka. Walikuja kunisalimu wakiwa wamesimama mlangoni, na wateja wakaanza kubeba bakuli zao wenyewe.

Nilipimwa mara mbili, majibu yakatoka kwamba sina virusi. Nikayatangaza. Walioyasikia wakatikisa vichwa kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. Kaka yake Skola, Yakobo, akaja kutoka Biharamulo amevaa koti la kanisani. Nilikuwa nimelala chumba cha ndani, wakadhani sisikii.

"Dada, twende nyumbani," alimwambia. "Ukimuuguza huyu utabaki na nini?"

"Nitabaki na mume wangu."

"Na akifa?"

"Nitamzika. Kaka, chai inapoa."

Yakobo akanywa chai, akaondoka. Niligeukia ukutani nikalia. Nakwambia hili kwa sababu na wewe kuna siku utasikia ukizungumzwa kama mtu ambaye hayupo, na ni vizuri ujue kwamba hata siku hiyo kuna anayekutetea.

Hospitali tuliyokuwa tukienda ilikuwa ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kwangu mimi mgonjwa ulikuwa wa saa nne. Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi matatu na dirisha moja lililotazama kisima. Nililifahamu lile dirisha kuliko la nyumbani kwangu. Mara ya kwanza niliambiwa nina malaria. Mara ya pili, nina minyoo. Mara ya tatu mganga mmoja kijana alinitazama, akasema mzee huyu damu imepungua, akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Nikavimeza kwa bidii mwezi mzima. Nilizidi kuwa mweusi.

Aliyenishtukia alikuwa daktari mwanamke, mgeni hospitalini, aliyewahi kufanya kazi nchi za kusini. Hakuanza na kifua wala ulimi. Alishika vidole vyangu, akabonyeza vile viungo viwili, akaniuliza, "Mzee, unakunywa pombe?"

"Natengeneza."

"Kwenye chombo gani?"

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilipomjibu aliandika, akachukua damu ikapelekwa Mwanza. Baada ya wiki tatu aliniita ndani, akamwita na nesi Konsolata, mama mmoja mnene wa Kihangaza mwenye utani mwingi, anisaidie kuelewa.

"Chuma si sumu," daktari alisema. "Damu haiwezi kuwa nyekundu bila chuma. Tatizo ni kwamba kikizidi, mwili hauna mlango wa kukitoa."

"Sasa unakiweka wapi?"

"Kila seli ya mwili ina vihenge vyake," akadakia Konsolata. "Kama vile vya mtama, Baba Imaku, ila vidogo, havionekani. Vimetengenezwa kwa protini. Ndani viko wazi, na chuma cha ziada kinafungiwa humo kisimsumbue mtu."

"Hiyo protini inaitwa feritini," daktari akaendelea. "Tukipima kiasi chake kwenye damu tunajua ghala limejaa namna gani. Seli zako zimejenga vihenge juu ya vihenge na vyote vimefurika. Chuma kimemwagikia kwenye ini, kwenye viungo vya vidole, kwenye kongosho. Hata rangi hiyo ya ngozi imetokana na hicho."

Akasema pombe inapochacha hula chuma cha pipa, na kule kusini alikwisha kuona wagonjwa wa namna hiyo, ila si kila anayeinywa huumwa hivyo. Ipo miili inayovuta chuma kuliko mingine, na mimi nilikuwa nimeuonjesha wangu kila asubuhi. Dawa ilikuwa moja, na ilinifanya nicheke. Nitolewe damu, chupa moja kila Alhamisi. Mwili ukitaka kutengeneza damu mpya utalazimika kwenda kuchota chuma kwenye vihenge, na hivyo vitapungua polepole. Tungechelewa, ini lingekufa nami ningelifuata.

Nilipomweleza Skola, hakucheka.

"Mtu amekwisha hivi, halafu wamtoe damu?"

"Ndiyo tiba."

"Tiba ya wapi? Damu hiyo wanaipeleka wapi?"

Nilikuwa nimeshamuuliza Konsolata swali hilohilo. Alisema inamwagwa shimoni nyuma ya jengo, kwa kuwa damu ya mgonjwa haiwekwi kwenye jokofu la kusubiri wengine. Sikuthubutu kumwambia Skola. Damu ilipoanza kutolewa majirani walinong'ona habari za mumiani, na mimi mwenyewe kila nikiuona ule mfuko unavyojaa, mwekundu na wa moto, roho iliniuma.

Ndipo jioni moja ya wiki zile za mwanzo, nikiwa nimechoka na nina hofu, nikamtupia maneno ambayo natamani ningeyameza. Nilisema, "Ungeniachia umuvure wangu nisingekuwa hivi. Ulichoma afya yangu kumwotesha mtoto wa watu."

Alinyanyua vyombo akavipeleka nje.

Chupa ya kwanza nilitolewa maharage yakiwa kwenye maua. Nilitetemeka, Konsolata akanifunika shuka na kunipa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Chupa ya nane tulikuwa tunapura maharage uwanjani, yaani wao walikuwa wanapura na mimi nimekaa kwenye mkeka natoa maelekezo yasiyohitajika. Ya kumi na nne nilitolewa mtama ukivunwa. Kila Alhamisi nikirudi, Skola alitazama pamba iliyobandikwa mkononi, akasonya.

"Wamekutoa tena?"

"Wamenitoa."

Kisha angeniletea uji wa mtama. Lazima niseme uji ule ulikuwa umenoga. Pombe nilikwishakatazwa, pipa limegeuzwa chini juu uani, na mdomo wangu ulikuwa unaitamani ile ladha. Ajabu ni kwamba uji wa Skola ulianza kuwa na ladha ya aina ileile, kwa mbali, mwishoni mwa ulimi. Nikamsifu. "Mama Imaku, siku hizi uji wako una kitu." Alitabasamu, na kwa kuwa tabasamu lake lilikuwa limeadimika nikanywa bakuli la pili.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, daktari alipima tena ghala langu. Majibu yalipofika alikunja uso. Feritini ilikuwa imeshuka, lakini kidogo sana kuliko alivyotarajia kwa damu yote ile iliyotoka.

"Umerudia pombe?"

"Naapa kwa Mungu, hata harufu."

"Choo chako kina rangi gani?"

Niliona haya kwa sababu ya Konsolata. "Cheusi. Kama lami."

Daktari alihofu natokwa damu tumboni, akapima, akakuta hapana. Akauliza vidonge, nikasema sinywi hata kimoja. Ndipo Konsolata alipovuta kiti, akachukua karatasi, akasema, "Baba Imaku, nitajie kila kitu unachokula tangu asubuhi." Nikataja. Ndizi, maharage, mchicha. "Na uji wa mke wangu," nikasema kwa fahari. "Huo ungeuonja, nesi. Una ladha kama ya pipa."

Konsolata aliacha kuandika. Akamtazama daktari, daktari akamtazama yeye.

Nilirudi nyumbani kwa hatua za haraka kuliko nilivyotembea mwaka mzima. Nilimkuta Skola uani anapepeta mtama.

"Mama Imaku, unaweka nini kwenye uji?"

"Mtama."

"Na nini?"

Akaendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Vidonge vya damu. Ni vya Imaku. Wanampa kliniki, akimeza anatapika, akawa ananiletea. Navisaga."

Imaku alikuwa ameolewa upande wa Kabanga na alikuwa amekuja kwetu kungojea kujifungua mtoto wake wa kwanza.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nilichoma afya yako." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wao wanatoa, mimi narudishia. Ulitaka nifanye nini? Nikae nikutazame unakauka kwa kosa langu?"

Nilikuwa nimekuja na hasira njia nzima. Zote zikaniishia pale. Nikaona miezi mitano ya yule mwanamke akisaga vidonge kwenye jiwe, peke yake, akiamini ananiokoa kutokana na neno langu mwenyewe. Nikakaa chini karibu na ungo, kwenye makapi.

"Skola, si kosa lako."

"Ulisema."

"Nilisema upumbavu. Pipa nililinunua mimi. Kuonja nilionja mimi. Na yule mtoto alilia, hukumbuki?"

"Alilia," akasema, na yeye akaanza kulia.

Tulikaa hivyo hadi kuku wakala mtama wote uliokuwa kwenye ungo. Hata hivyo hakuniamini kuhusu damu. Aliacha vidonge kwa kunihurumia, akaniambia wazi kwamba nikifa atakwenda kumwuliza yule daktari. Na kitu kingine hatukukifikiria sote wawili, ingawa kilikuwa mbele ya macho yetu: vidonge nilivyomeza mimi ndivyo alivyokosa Imaku.

Uchungu ulimshika wiki tatu baadaye, mvua za vuli zinaanza. Tukampeleka hospitali. Yakobo naye alikuwa amefika kutoka Biharamulo, kwa sababu habari za mtoto wa kwanza wa mpwa wake hakutaka kuzisikia kwa kusimuliwa. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu la siku zote nikingoja zamu yangu ya kutolewa damu, na Skola pembeni yangu, ndipo tuliposikia mtoto amelia. Tukashikana mikono. Kisha mlango ukafunguliwa, Konsolata akatoka haraka bila utani wowote usoni.

Imaku alikuwa anavuja damu. Mtoto wa kike alikuwa salama, lakini mama alikuwa na damu kidogo tangu mwanzo, na sasa hata hiyo ilikuwa inakwenda. Jokofu la hospitali lilikuwa tupu. Walitaka ndugu. Skola akapimwa, kundi halikulingana. Mume wa Imaku alikuwa bado yuko njiani kutoka Kabanga. Yakobo alipoitwa alitazama viatu vyake.

"Shemeji," nikamwambia, "viatu vimekukosea nini?" Akajikongoja kwenda maabara, na maskini, kundi lake nalo likakataa.

Daktari akanigeukia. Alitazama kundi langu kwenye kadi, akanibonyeza kope kuona wekundu, wakapima wingi wa damu na yale magonjwa mengine yote.

"Mzee, chupa yako ya leo," akasema, "tusiimwage."

"Ni ya mgonjwa," nikasema. Kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshazoea kujiona uchafu.

"Damu yako haina ubaya. Una chuma kingi mno, basi. Na yeye anachokosa ni hicho."

Nililala kwenye kile kitanda nilichokijua kila mkunjo wake, Konsolata akachoma pale alipozoea kuchoma. Skola hakuwahi kuingia chumba kile. Siku hiyo aliingia, akasimama kwenye miguu yangu, akatazama mfuko ukijaa. Hakusonya. Mfuko ulipojaa, Konsolata aliuchukua kwenda kuulinganisha, kisha tukamwona anapita nao mbele yetu kwenda wodi ya wazazi, na Skola akamfuata.

Alirudi baada ya muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai kilichopoa.

"Ile ilikuwa yako?" akaniuliza, utadhani hakuona.

"Ilikuwa yangu."

"Midomo ya Imaku imerudi rangi." Akakaa. "Nimeiona inarudi."

Habari hiyo ilifika kijijini kabla yetu. Damu ya Pipa imepimwa na madaktari, haina kitu, na imemponya binti yake. Sikulazimika kutangaza tena. Jumapili iliyofuata watu waliingia hadi ndani kunisalimu, wakakaa, wakaomba chai, na hakuna aliyeleta bakuli lake.

Ghala langu lilichukua mwaka na nusu kupungua hadi daktari akaridhika. Vidole havikurudi kama zamani. Mvua ikikaribia vinaniambia. Kiu, ambayo ilitokana na kongosho lililoharibika, ilipungua kwa dawa za kisukari ninazomeza hadi leo. Rangi yangu ilirudi polepole, na mambo mengine nayo yalirudi kiasi, mengine siyaandiki maana wajukuu wanajua kusoma.

Yakobo hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno. Kiangazi cha mwaka uliofuata lori lilisimama nje kwetu, yeye amekaa juu ya mzigo. Ulikuwa umuvure mpya, umechongwa kwenye mvule ulioanguka shambani kwa baba yao, na ulikuwa mkubwa hadi tulibomoa sehemu ya uzio kuuingiza. "Ulikuwa unatuziba njia kule," alisema. Nikamwambia asante kwa kututupia takataka zenu. Tukala naye siku tatu. Mimi naonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na nakuambia wateja wa zamani walilalamika mwaka mzima kwamba urwagwa wangu hauna ladha.

Kambi zimefungwa. Miti imeota tena Benaco, watoto wanachunga mbuzi mahali palipokuwa na mji, na nikiwasimulia wananitazama kwa heshima ya kutoniamini. Mjukuu wangu yule wa Alhamisi sasa ni msichana anayejibu wakubwa. Skola amezeeka, anacheka kwa sauti tena.

Bado natolewa damu kila baada ya miezi michache, ili vihenge visifurike. Nilikwenda wiki iliyopita. Konsolata amestaafu, aliyenichoma ni nesi mpya aliyenipa shikamoo na kuutafuta mshipa mara mbili. Nilirudi mchana, nikamkuta Skola anakoroga chungu.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Basi kaa."

Akanimiminia uji, akaketi mbele yangu kama anavyofanya siku zote, akingoja nionje. Nikaonja. Ulikuwa uji tu.